Damu ya mbwa aliyekula sumu inaweza kusafishwa hata pasipo mashine

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nieleze jambo ambalo kwa wasomaji wengi litaonekana geni, na kwa wengine huenda likawa kichekesho, nalo ni kusafisha damu ya mbwa aliyekula sumu. Mimi ni daktari wa mifugo niliyestaafu utumishi wa serikali na sasa natoa huduma binafsi hapa Morogoro. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimetibu ng'ombe, mbuzi na kuku. Mbwa walikuja baadaye, watu walipoanza kujenga nyumba za uzio na kuhitaji walinzi wa miguu minne.

Mwaka jana mama mmoja aliniletea mbwa dume, kijana, mwenye uzito wa kilo 20. Alikuwa ametafuna mkoba wa bibi wa nyumba hiyo na kumeza karatasi mbili za diklofenaki, vidonge kumi kumi vya miligramu 50, ambavyo bibi huvitumia kwa maumivu ya magoti. Saa tano zilikuwa zimepita. Mbwa mwenyewe alisimama mbele yangu akitikisa mkia kama aliyeletwa kuchanjwa, na mama akaniuliza kama kweli kulikuwa na haja ya kuja. Haja ilikuwapo, na kubwa. Muda wa kumtapisha ulikuwa umekwisha, kwa maana kutapisha hufaa zaidi katika saa moja au mbili za mwanzo, na mkaa wa dawa, ule unaotengenezwa mahususi kunasa sumu tumboni, haukupatikana katika duka lolote la dawa nililopiga simu. Nikamwekea dripu, nikampa dawa za kulinda tumbo, nikasubiri. Siku ya pili akaanza kutapika damu, siku ya tatu mkojo ukakatika, na usiku wa siku ya nne akafa.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba alipofika kwangu nilijua kabisa sumu ilipokuwa. Ilikuwa ndani ya damu, imeshikamana na protini iitwayo albumini, na madhara yake kwenye tumbo na figo yalikuwa bado hayajajitokeza. Nilikuwa kama mtu anayemwona mwizi amesimama sebuleni naye hana ufunguo wa mlango.

Kwa mbwa wa namna hiyo, katika nchi nyingine, madaktari wanao ufunguo. Wapo wanaotumia mashine ya kusafisha damu kama ile ya wagonjwa wa figo katika hospitali zetu za rufaa, na Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis, Marekani, ni miongoni mwa vituo vilivyofanya kazi hiyo kwa wanyama kwa miongo kadhaa na kuwafundisha wengine. Mbwa huwekewa mpira wenye njia mbili katika mshipa mkubwa wa shingo. Damu hutoka kwa njia moja, hupita kwenye kichujio, na kurudi kwa njia nyingine.

Kichujio hicho hufanya kazi ambayo mpishi yeyote wa Pwani anaifahamu. Ukiloweka kipande cha papa mkavu katika maji, chumvi hutoka taratibu na kuingia kwenye maji, lakini nyama haitoki. Na ukiyabadilisha maji mara kwa mara, chumvi huzidi kupungua. Ndani ya kichujio damu hupita upande mmoja wa ngozi nyembamba mno na maji yenye chumvi maalumu hupita upande wa pili, na vitu vidogo huvuka vikaenda zao. Sumu ikiwa ndogo kwa umbo, ikiwa haikushikamana na protini, na ikiwa bado imo ndani ya damu badala ya kuzama kwenye mafuta na misuli, itatoka. Mfano unaotajwa sana ni kemikali ya ethilini glaikoli, iliyomo katika kimiminika kinachotiwa kwenye rejeta za magari ili maji yasigande wakati wa baridi kali. Ina ladha ya utamu, mbwa huilamba sakafuni mwa gereji, na mwili huigeuza kuwa asidi zinazoishia kuwa fuwele zinazoziba figo. Mashine ya kusafisha damu huiondoa kemikali hiyo pamoja na asidi zake, na kama figo zimeshaumia humshikilia mbwa hai kwa siku au wiki kadhaa huku figo zikitafuta nafuu. Kwetu, ambako baridi ya kugandisha rejeta ni simulizi za watu wa Makete, sumu hiyo haituhusu sana, na pengine ndiyo maana vijana wetu vyuoni huisoma habari hii kama jambo la wazungu na theluji yao.

Diklofenaki ni habari nyingine. Zaidi ya asilimia 99 ya dawa hiyo ikiwa ndani ya damu hubebwa na albumini, nayo albumini ni kubwa mno kupita kwenye kichujio cha kawaida. Ni kama mtoto aliyefungwa mgongoni kwa khanga: upenyo ambao mtoto angepita peke yake hapiti, kwa kuwa mama hapiti. Kwa sumu za aina hii madaktari hupitisha damu kwenye chombo kilichojazwa mkaa wa dawa, unaoinyang'anya albumini mzigo wake, au huiondoa plazma yenyewe, yaani yale maji ya manjano yanayobaki chembe za damu zikitengwa, wakaimwaga pamoja na mama na mtoto wake, kisha wakarudisha chembe nyekundu mwilini na kuweka plazma nyingine safi mahali pa ile iliyomwagwa. Njia hii ya mwisho, ya kubadilisha plazma, ndiyo iliyonifanya nishike kalamu, kwa sababu ndiyo isiyohitaji mashine ya mamilioni.

Naomba nirudi nyuma kidogo. Mnyama wa kwanza kusafishwa damu kwa chombo nje ya mwili alikuwa mbwa. Mwaka 1913, katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, John Jacob Abel na wenzake Leonard Rowntree na B. B. Turner waliipitisha damu ya mbwa kwenye mirija myembamba ya kolodioni iliyozamishwa katika maji ya chumvi, baada ya kumpa mbwa huyo dawa ya jamii ya aspirini, na wakaikuta dawa hiyo imevuka na kuingia kwenye maji. Heparini, dawa inayotumika leo kuzuia damu isigande, haikuwapo bado. Ili damu isigande walisaga vichwa vya ruba na kutoa humo kitu kiitwacho hirudini. Mwaka uliofuata, 1914, watu haohao walitoa damu ya mbwa, wakatenga chembe kwa mashine ya kuzungusha, wakamwaga plazma na kurudisha chembe mwilini, na ndio waliokipa kitendo hicho jina lake la kitaalamu linalotumika mpaka leo. Binadamu walifuata. Willem Kolff alitengeneza mashine yake katika mji wa Kampen nchini Uholanzi mwaka 1943, akitumia ngozi bandia ya kutengenezea soseji, na mgonjwa wake wa kwanza kupona, mama wa miaka 67, alipona mwaka 1945. Basi anayesema kusafisha damu ni tiba ya binadamu ambayo mbwa wanaivamia, ameupindua mpangilio wa mambo.

Ninalotaka wenzangu walitazame ni kwamba kazi ya mwaka 1914 ilifanywa kwa mkono. Kilichohitajika kilikuwa sindano, chupa, maji safi ya chumvi na mashine ya kuzungusha damu, na vyote hivyo, katika hali bora kuliko ya Abel, vipo Tanzania.

Hebu tumchukue tena yule mbwa wa kilo 20. Mbwa ana takriban mililita 85 za damu kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo huyu alikuwa na damu kama lita 1.7, na ndani yake plazma isiyozidi lita 1. Ukimtoa mililita 300 polepole, huku dripu ikiingia upande wa pili ili shinikizo la damu lisianguke, ukaizungusha damu hiyo ndani ya mfuko wake, utapata plazma kama mililita 160 za kumwaga, na chembe nyekundu utazirudisha mwilini zikiwa zimechanganywa na maji ya chumvi. Hiyo ni raundi moja. Ukifanya raundi sita umeondoa, kwa hesabu ya karatasi, karibu theluthi mbili ya sumu iliyokuwamo ndani ya damu. Ukifika raundi tisa umekaribia asilimia 80. Hesabu ya mwili ni ngumu kidogo kuliko ya karatasi, kwa kuwa sumu nyingine hurudi kwenye damu kutoka tumboni na kwenye nyongo, na ndiyo sababu mkaa wa dawa kwa mdomo unabaki kuwa wa lazima. Lakini tofauti kati ya figo zinazokutana na mzigo mzima na figo zinazokutana na theluthi yake ni tofauti ya mbwa kufa na mbwa kurudi nyumbani.

Sitaki msomaji adhani ni kazi rahisi. Ni kazi ya siku nzima, ya watu watatu wasioondoka kando ya mnyama, na kila raundi ina hatari zake. Mifuko ya damu huwa na dawa ya kuzuia damu isigande ambayo hukamata kalsiamu, na mbwa aliyepokea nyingi ataanza kutetemeka. Hapo ndipo sisi wa ng'ombe tuna bahati, kwa kuwa hakuna daktari wa mifugo asiyekuwa na kalsiamu kwenye mkoba wake kwa ajili ya homa ya maziwa, yaani ng'ombe aliyezaa kupungukiwa kalsiamu, ingawa kwa mbwa itabidi aitoe kwa kipimo kidogo na taratibu huku akiusikiliza moyo. Plazma ikimwagwa bila kufidiwa, mwili huvimba na damu hushindwa kuganda, kwa hiyo lazima kuwe na mbwa wachangiaji, wakubwa, wenye afya na waliopimwa magonjwa ya kupe. Albumini ya binadamu haifai, mbwa wengi huikataa vibaya. Na mifuko miwili ya damu isichanganywe kamwe: chembe za mbwa ni za mbwa huyohuyo.

Zaidi ya hayo, na hapa naomba nieleweke vizuri, sumu nyingi zinazoua mbwa mitaani kwetu hazitibiwi kwa njia hii. Mwizi anayerusha nyama juu ya ukuta usiku mara nyingi ameipaka dawa ya kuua wadudu wa mashambani, ya jamii ya oganofosfeti au kabameti. Mbwa hutokwa na mate, huharisha, hutetemeka misuli yote, mboni za macho husinyaa, na kama hakusaidiwa hukosa pumzi ndani ya muda mfupi. Dawa nyingi za jamii hiyo huihama damu mapema na kushika neva, na kuisafisha damu wakati huo ni kumtafuta mwizi katika nyumba aliyokwisha kuihama. Kinachomwokoa mbwa huyo ni atropini, dawa ya zamani na ya bei ndogo, inayochomwa na kurudiwa mpaka mapafu yakauke. Kama kliniki haina atropini, basi isiniulize habari ya kubadilisha plazma. Vivyo hivyo kwa sumu za panya zinazozuia damu isigande, ambazo mbwa hukaa siku kadhaa akionekana mzima kabla ya kuanza kuvuja damu ndani kwa ndani: tiba yake ni vitamini K1 kwa wiki tatu au nne, wala si K3, ambayo haisaidii kitu. Ile sumu ya panya ya unga wa kijivu wenye zinki na fosforasi ni mbaya zaidi, kwa maana hutoa gesi tumboni. Haina kiua sumu, na daktari anayemtapisha mbwa huyo afungue madirisha yote, asije akalazwa yeye.

Iko pia dawa moja ambayo imo katika nyumba nyingi nchini kwa sababu njema kabisa, nayo ni isoniazidi, inayotolewa kutibu na kuzuia kifua kikuu. Mbwa ana upungufu wa kimaumbile unaomfanya ashindwe kuivunja dawa hii kama binadamu anavyoivunja, na akimeza vidonge vya mgonjwa hupata degedege kali. Isoniazidi ni ndogo kwa umbo na haishikamani sana na protini, kwa hiyo mashine ya kusafisha damu huiondoa vizuri. Lakini kabla ya kuwaza mashine, daktari akumbuke kwamba kiua sumu chake ni vitamini B6, vitamini ileile ambayo wagonjwa wengi hupewa pamoja na dawa hiyo. Mbwa achomwe sindano ya vitamini hiyo haraka, kwa kipimo kinacholingana na kiasi cha dawa alichomeza, na kwa kawaida degedege hutulia. Wenye dawa hizo nyumbani wanaombwa waziweke juu ya kabati, pasipofikika na mtoto wala mbwa.

Najua swali litakaloulizwa, kwa sababu mke wangu ameshaniuliza: tunawezaje kuzungumzia kusafisha damu ya mbwa wakati wapo Watanzania wanaokatisha safari zao za hospitali, mara mbili au tatu kwa wiki, kwa kukosa fedha za kusafishwa damu zao? Ni swali halali na nisingependa kulikwepa. Kama pendekezo langu lingekuwa kununua mashine za figo kwa ajili ya wanyama, ningelipinga mwenyewe. Njia ninayoieleza haigusi kitanda cha binadamu, haichukui kichujio chake wala muuguzi wake. Mgonjwa wa figo za kudumu huhitaji huduma hiyo kwa miaka. Mbwa aliyemeza diklofenaki anahitaji siku moja, mara moja, katika saa ambazo sumu bado imo ndani ya damu.

Na mbwa si wale wa uzio peke yao. Jeshi la Polisi lina kikosi chake cha mbwa na farasi. Usa River, nje kidogo ya Arusha, hufundishwa mbwa wa kunusa meno ya tembo na magamba ya kakakuona wanaopelekwa bandarini na viwanja vya ndege, na katika hifadhi zetu wapo mbwa wanaofuata nyayo za majangili usiku kucha. Mbwa wa aina hiyo huchukua miezi mingi kufundishwa pamoja na askari wake, na ana maadui wenye sababu ya kumtilia sumu. Ikiwa serikali inaona ni sawa kumlipia mafunzo, sioni kwa nini ishangae kuombwa mfuko wa damu.

Ombi langu basi ni dogo na linaelekezwa kwa watu wanaoweza kulijibu. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambacho kipo hapa hapa Morogoro na ndicho kinachowafundisha madaktari wa wanyama wa nchi hii, kitenge wiki moja katika mwaka wa mwisho wa masomo kuwafundisha wanafunzi kubadilisha plazma kwa mkono. Mashine kubwa ya kuzungusha mifuko ya damu ndiyo pekee yenye gharama, na huduma za damu salama za binadamu zinapobadilisha mashine zao, moja iliyochoka inaweza kuombwa badala ya kuachwa kwenye stoo. Baraza la Veterinari, kwa upande wake, litoe orodha fupi ya dawa ambazo kliniki yoyote inayopokea mbwa lazima iwe nazo rafuni, ikianza na mkaa wa dawa, atropini na vitamini K1, na wakaguzi wanapopita waiulizie orodha hiyo kabla ya kuulizia leseni iliyotundikwa ukutani.

Wenye mbwa nao wana sehemu yao. Mbwa akila kitu msichokielewa, msimpe maziwa wala mayai mabichi mkisubiri kuona. Maziwa hayaondoi sumu, na wakati huo ndio mnaoupoteza. Mkaa wa jikoni uliopondwa nao si mkaa wa dawa. Chukueni karatasi ya vidonge, chupa, au mfuko wa sumu yenyewe, hata kama umechanika, mje nao pamoja na mbwa, na mtuambie saa aliyokula. Yule mama wa mwaka jana alifanya hivyo bila kuambiwa na mtu, na ndiyo maana naweza leo kuandika kwa uhakika mbwa wake alikufa kwa nini.

Kuhusu wachangiaji, chuo kisipate shida ya kuanzia. Ninao mbwa wawili nyumbani, wa kilo 32 na kilo 35, wamechanjwa, hawana kupe, na mmoja wao amekwisha kuzoea kulala kwenye meza ya kliniki bila kushikwa. Siku mafunzo yatakapoanza nitawaleta mwenyewe, wakiwa hawajala asubuhi hiyo.

Daktari wa mifugo mstaafu,
Morogoro